Nimepiga magoti madhabahuni nikashindwa kuinuka. Wenzangu wa umri huu mnacheka au mnalia?

Mwalimu Mstaafu Moro (mwanzisha mada)

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa miaka 64, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko Morogoro. Naomba niulize kitu ambacho nyumbani nikikianza tu wananiambia mama umeshaanza.

Jumapili iliyopita kulikuwa na chakula cha Bwana. Kwetu tunapiga magoti kuzunguka madhabahu, mkimaliza mchungaji anawasomea mstari anasema nendeni kwa amani, mnainuka, inaingia meza nyingine. Sasa wenzangu wameinuka, mimi goti la kulia limegoma. Sio maumivu makali, hapana, limekataa tu. Nikainamisha kichwa nikajifanya bado naomba, huku nasikilizia litakubali saa ngapi. Mchungaji akaona mama ameguswa, akasubiri. Meza ya pili wamesimama wanasubiri. Kwaya nao wakaona isiwe tabu wakarudia pambio. Alafu mama mmoja wa maombi akaja akaniwekea mkono kichwani akaanza kukemea, na mimi hapo kweli machozi yakaanza kunitoka, ila ni ya kuzuia kicheko, mabega yanatikisika, na yeye akaona ndo upako unashuka akazidisha sauti. Mpaka mzee wa kanisa mmoja, ambaye nadhani na yeye ya magoti anayajua, akanisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, ni goti?" Nikamwambia ni goti. Akanishika kwapani tukanyanyuka, kanisa zima likasema amina.

Nimefika nyumbani nimewasimulia wajukuu wamecheka mpaka wakagaragara chini, na mimi nimecheka nao. Ila binti yangu hakucheka. Akasema mama kuanzia sasa uwe unabaki kwenye benchi uletewe hapo hapo pamoja na wagonjwa, unatutia aibu. Usiku usingizi haukuja. Maana nikiangalia vinaondoka kimoja kimoja, kitabu cha nyimbo sikisomi bila miwani, na miwani yenyewe nikiivua siioni nilipoiweka, dereva wa bodaboda ananiita bibi, juzi mwanaume mwenye mvi zake kabisa kanipa shikamoo. Hata hospitali, mara ya kwanza kwenda dirisha la wazee nilibeba kitambulisho nikijua watabisha wataniuliza umri, wakanipitisha bila swali! Iliniuma kuliko sindano.

Swali langu ni hili. Nyie wa rika langu na kuendelea, mnayachekaje haya mambo bila kujidanganya? Na imani inawasaidia wapi hasa, sio ile ya kuambiwa mwachie Mungu, maana goti bado ninalo mimi.

---

Mzee wa Ngamiani

Mwalimu salaam, kahawa imenitoka puani hapa barazani kwenye ile sehemu ya "ni goti?" Wenzangu wameniuliza kulikoni ikabidi niwasomee wote, saivi baraza nzima inakusalimia kutoka Tanga.

Mie Muislamu, miaka 71. Msikitini kwetu huku nyuma kuna viti vya plastiki. Zamani kilikuwa kimoja tu cha mzee mmoja Mungu amrehemu, sasa ni safu nzima na vijana wameipachika jina VIP. Nilipoanza kukalia kile kiti niliona haya sana, nikawa nachelewa makusudi niingie watu wameshasimama nisionekane. Imamu wetu akanikamata siku moja akanikumbusha habari ya Imran bin Husein, sahaba, alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w) afanyeje na sala. Akajibiwa asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, asipoweza asali kwa kulalia ubavu. Iko kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari. Sasa mwalimu hebu pima mwenyewe, mtu kauliza shida ya bawasiri, sehemu ambayo mie hata daktari namwambia kwa kuzungukazunguka, na swali lake linasomwa mpaka leo zaidi ya miaka 1,300, na kila mwenye goti bovu duniani amepata nafuu kwa sababu yule bwana hakuona haya kuuliza. Kuanzia siku hiyo naingia mapema nachagua kiti kizuri.

Na kuhusu kucheka, kuna ile ya bibi kizee aliyekwenda kumwomba Mtume amwombee aingie peponi, akamwambia peponi haingii kizee. Bibi wa watu akaondoka analia. Mtume akasema mwambieni hataingia akiwa katika hali hiyo ya uzee, akawasomea aya za Suratul Waqia kwamba Mwenyezi Mungu atawaumba upya. Imepokewa katika Shamail ya Tirmidhi, kitabu cha sifa za Mtume. Mie nimeielewa hivi, utani wa mzee lazima ndani yake uwe na kitu cha kumpa. Binti yako kakunyang'anya, wale wajukuu waliocheka wamekupa.

Mwisho kabisa nikuchekeshe. Mke wangu alikuwa ananilaumu nampuuza, nimekwenda kupima masikio nikaambiwa uzee unaanza kuondoa sauti nyembamba kwanza, za wanawake na watoto. Nimemrudishia majibu nikiwa kifua mbele kwamba sio dharau ni ugonjwa, akanijibu mbona mtangazaji wa mpira unamsikia. Sikumsikia vizuri.

---

kijukuu_cha_babu

Shikamoo bibi mwalimu, shikamoo mzee wa Ngamiani. Mi nina 24 sijui kama naruhusiwa humu 😂 ila nakaa na babu yangu ana 83 na kila akitaka kuniita anapitia ukoo mzima, anaanza na baba mkubwa, anaenda kwa marehemu mdogo wake, anapita kwa mbwa, ndo anafika kwangu. Nishazoea naitikia kwenye mbwa ili tuokoe muda.

Lakini usiku kwenye sala anatuombea wajukuu wote kwa majina, mmoja mmoja, na hakosei hata jina moja. Sijawahi kuelewa inakuaje.

---

Baba Wawili

Samahanini mimi nitakuwa tofauti. Hizi tabia za kufanya uzee kichekesho ndo zinaleta watoto wasio na adabu. Sisi tumekua mzee akipita unavua kofia, unasimama, hakuna wa kucheka. Leo mtu anamrekodi bibi yake akihangaika na simu anarusha mtandaoni apate likes. Mwalimu ungekuwa mama yangu nisingecheka, na ningemkemea na huyo mama wa maombi. Binti yako kakosea maneno lakini nia yake alikuwa anakulinda.

---

Nyanya wa Likoni

Baba Wawili kwa hiyo ya kurekodi niko na wewe mia kwa mia, anayemrusha nyanyake mtandaoni bila idhini achapwe. Lakini usituambie ati zamani wazee walikuwa hawachekwi. Mimi nimelelewa na nyanya, alikuwa akimwita kakangu "mume wangu", akimwambia mume gani wewe hata sukari huniletei, na sisi tulikuwa tunamjibu ati meno yake yameenda harusini hayajarudi. Huo ndio ulikuwa mpango, baba na mama ni wa kuogopwa, nyanya na babu ni wa kutaniana nao. Adabu ilikuwepo, na utani ulikuwepo, kwa nyumba moja. Mtoto asipomtania babu yake atakaa naye aongee nini?

Mwalimu pole na hongera. Yangu ni ya vidole. Nilienda kwa wakala kutoa pesa, mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, kijana akanipangusa na kitambaa, akapaka mafuta, wapi. Akaniambia nyanya wewe huna alama, zimefutika. Na kweli, mimi nimelima, nimefua, nimepara samaki maisha yangu yote, zibaki za nini? Nikamwambia basi kuanzia leo naingia kazi ya wizi maana hakuna polisi wa kunishika. Foleni yote ikaangua kicheko, na yule kijana ambaye alikuwa ashaanza kunikasirikia akatulia, akatafuta njia nyingine pesa ikatoka.

Ningelia pale pia ingekuwa haki yangu. Lakini nakwambia ukweli, nikilia watu hunihurumia wanaangalia kando, nikicheka wananisogelea. Mimi nataka wanisogelee. Usiku nikiwa peke yangu ndio namwonyesha Mungu hivi vidole, namwambia Baba wewe hizi alama uliziandika mwenyewe, mashine ikinisahau wewe unanijua. Hapo nalia kidogo, ndio, alafu nalala.

---

Katekista Songea

Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Nimestaafu ukatekista, niseme mawili matatu tu japo mke wangu anasema mawili matatu yangu huwa ni saa nzima.

Watu wanadhani kwenye Biblia wazee wamekaa wananuna. Someni Mwanzo 18, Sara anasikia atazaa, anacheka moyoni kwamba mimi kikongwe na mume wangu mzee vile. Mungu anauliza mbona Sara amecheka, Sara kwa uoga anasema sikucheka, anaambiwa sivyo, umecheka. Ikaishia hapo! Hakulaaniwa wala nini, mtoto kapata, na sura ya 21 mwenyewe anasema Mungu amenifanyia kicheko. Ibrahimu naye sura ya 17 alianguka kifudifudi akacheka lakini yeye hakuhojiwa, wanaume bwana.

La pili. Hiyo habari ya kukaa. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa kilimani kanyoosha mikono, mikono ikawa mizito. Kutoka 17. Haruni na Huri hawakumwambia mzee ungebaki hemani unatutia aibu. Walitafuta jiwe, wakamkalisha, mmoja akashika mkono huku mwingine huku mpaka jua likachwa. Na Musa alikuwa ameshapita miaka 80. Kwaiyo maombi maarufu kabisa ya vita yaliombwa na mzee aliyekaa kwenye jiwe ameshikwa mikono. Yule mzee wa kanisa wako aliyekuja kukushika kwapani ndo Huri wako, mpelekee hata mkungu wa ndizi.

La tatu ni la binti yako, nalisema kwa upole. Kuna mzee anaitwa Barzilai, 2 Samweli 19, ana miaka 80, mfalme Daudi anamwambia twende Yerusalemu nikutunze. Mzee akajibu, mfalme wangu, mimi chakula sionji tena ladha, waimbaji siwasikii tena, nije nikulemee wa nini, mchukue huyu kijana badala yangu, niache nirudi nikafie mjini kwangu. Daudi akambusu akambariki. Mimi huwa nacheka kila nikifika hapo, mzee kamkatalia mfalme kwa kujitania. Lakini angalieni nani kasema hapana. Ni mzee mwenyewe. Mwalimu siku ukiamua mwenyewe kubaki kwenye benchi, utabaki na heshima zako. Kuamuliwa na mtoto ni kitu kingine kabisa, na hilo ndo lililokunyima usingizi, sio goti.

---

Fizio Dodoma

Shikamooni wazee wote. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, naona mmejaza hekima lakini hakuna aliyemwambia mwalimu ainukeje 😀

Mama, goti kugoma bila maumivu makali kwa umri huo mara nyingi ni gegedu limelika na msuli wa mbele ya paja umelegea. Gegedu hulirudishi ila msuli unarudi. Kaa kwenye kiti kigumu, sio sofa, simama bila kutumia mikono, kaa taratibu, rudia mara 10 asubuhi na jioni. Ukishindwa anza kwa kusukuma na mikono. Baada ya wiki kadhaa utaona tofauti hata kupanda daladala.

Na madhabahuni usijaribu kuinuka na magoti yote mawili kwa pamoja. Goti bovu ni la kulia, kwaiyo tanguliza mguu wa kushoto mbele, unyayo wote chini, mikono miwili juu ya paja hilo la kushoto au kwenye ile reli ya mbele kama ipo, inamia mbele kidogo alafu sukuma. Fanyia mazoezi nyumbani pembeni ya kitanda kabla ya Jumapili.

Jambo ambalo huwa linaniudhi, wazee wengi wanameza diklofenaki kila siku kama karanga. Hizo dawa zikizidi zinaumiza tumbo na figo na zinapandisha presha, na wengi tayari wako kwenye dawa za presha. Kama ndo unavyofanya mwambie daktari wako.

Na mcheke sana, ila kuna vitu sio vya kucheka. Goti likivimba na kuwa la moto, au mguu ukikutupa ghafla. Mdomo kwenda upande au mkono mmoja kuishiwa nguvu, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo sio kesho. Kuona ukungu na taa za usiku kukusambaa machoni, hiyo sio miwani tena, nenda ukapimwe mtoto wa jicho, inafanyiwa upasuaji na watu wanaona. Na nyie wazee wa kiume mnaotaniana barazani nani kaamka mara ngapi usiku kwenda chooni, taniani mkishapima tezi dume. Nimeona mzee aliyefanya damu kwenye mkojo utani mpaka alipochelewa, kwaiyo hapo mnisamehe sichekagi.

---

Mzee wa Ngamiani

Hilo la mwisho limetua barazani kwetu kimya kimepita. Kuna wawili wameniambia kesho twende pamoja. Shukran mwanangu.

---

Mwalimu Mstaafu Moro

Jamani mmenifanya nisome huku nimefunga mlango maana nacheka peke yangu watasema mama sasa imekuwa rasmi.

Katekista umenigusa pale pa Barzilai. Ni kweli sikuumizwa na goti. Nimefundisha darasa la kwanza miaka na miaka, nimeanguka mbele ya watoto, chaki imenivunjikia, sketi imenichanika siku ya mkaguzi, kuchekwa sikuogopi. Nilichoogopa ni kupangiwa. Nimeongea na binti jana jioni, nimemsomea maneno ya Nyanya wa Likoni ya kusogelewa. Hakusema samahani, hawa watoto wa siku hizi samahani kwao ni ngumu, ila asubuhi nimekuta kiti kigumu cha jikoni kimehamishiwa chumbani kwangu. Ameyasoma ya Fizio inaonekana.

Imani nadhani nimeanza kupata jibu langu, japo sio lote. Nilikuwa napiga magoti nikijua ndo heshima kwa Mungu, na kumbe nusu ilikuwa heshima kwa watu walioko nyuma yangu. Nitaendelea kupiga magoti nikiweza kwa sababu napenda. Nikishindwa nitasimama. Nyanya, ile sala ya vidole nimeiiba, kwa sababu na mimi alama zangu zimeliwa na chaki.

Baba Wawili na wewe nashukuru, najua unatutetea.

---

Baba Wawili

Amina mama. Msimamo wangu kuhusu wanaorekodi haujabadilika. Ila nimemuuliza mama yangu (77) kama anapenda tumtanie, akasema mmechelewa sana, alidhani tumemkasirikia. Sijui nianzie wapi sasa, sijazoea kabisa.

---

Nyanya wa Likoni

Anzia kwa pesa. Mwambie ati umesikia amekuandika kwa urithi. Atakujibu yeye mwenyewe vizuri, wewe usijali.

---

kijukuu_cha_babu

Fizio samahani nina swali. Babu hataki mkongojo kabisa anasema huo ni wa wazee 😂 anashika kuta na kuna siku ataanguka. Nifanyeje?

---

Mzee wa Ngamiani

Usimpe ule wa bati wa hospitali, hata mie ningekataa. Mtafutie bakora nzuri ya mti, iliyopigwa msasa ikang'aa. Huku kwetu mtu anavaa kanzu na kofia yake, bakora mkononi, ndo amekamilika kwenda harusini, hakuna anayeuliza goti. Mwambie umemletea pambo.

---

Fizio Dodoma

Mzee wangu umemaliza. Ila kijana hakikisha urefu. Babu asimame wima na viatu alivyozoea, mikono ining'inie, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Ikizidi ikateni. Chini muweke mpira, sakafu ya vigae bila mpira ni hatari. Na aishike mkono wa upande wa pili, yaani kama goti bovu ni la kushoto, bakora mkono wa kulia. Wengi wanashika kinyume.

---

kijukuu_cha_babu

Kumbe! Hata ule mti wa ufagio anaoazima akienda chooni anaushika upande wa goti bovu. Ngoja nikamwambie, japo najua ataniambia alianza kutembea kabla mimi sijazaliwa, na ataniita jina la mbwa.